Simu na kompyuta ya Linux: tufanyeje ili mwalimu wa kawaida apate picha zake bila kumwita fundi?

Swali, kutoka kwa mwalimu_wa_hesabu

Habari za leo wanajukwaa. Ninafundisha shule ya sekondari ya kutwa, na mwaka huu tulizifufua kompyuta tano za ofisi ya walimu kwa kuziwekea Linux Mint, kwa sababu mfumo uliokuwamo ulikuwa mzito mno kwa mashine hizo. Kompyuta zinafanya kazi vizuri. Kilichotushinda ni simu. Walimu hupiga picha karatasi za alama, kisha hujitumia kwa WhatsApp ili wazifungue kwenye kompyuta. Picha zinafika zimebanwa, tarakimu 3 na 8 hazitofautiani, na bando limekwisha. Waya wa USB nao una shida yake: ukifungua folda yenye picha elfu tatu, dirisha linabaki jeupe kwa muda mrefu, na mwenzangu akidhani limekwama, huchomoa waya.

Nimesakinisha KDE Connect, programu ya kuunganisha simu na kompyuta bila waya. Nyumbani kwangu simu na kompyuta zilionana mara moja. Shuleni orodha ya vifaa ni tupu, wala hakuna neno linaloeleza sababu. Mwalimu mmoja aliye karibu kustaafu alikitazama kioo kile, akaniuliza, "Mwanangu, hapa mimi nimekosea nini?" Sikuwa na jibu. Naomba njia ambayo mtu akishawekewa mara moja, hatahitaji kuandika amri yoyote.

Jibu la 1, kutoka kwa fundi_mitandao

Ndugu mwalimu, mwambie mzee wetu kwamba hajakosea chochote. KDE Connect, iliyoanza mwaka 2013, haitegemei seva ya mtu mwingine: kifaa hupiga mbiu kwenye mtandao wa ndani, na kifaa kingine kilicho kwenye mtandao huohuo huitikia. Mbiu ikizuiwa njiani, kila upande hujiona uko peke yake.

Kizuizi cha kwanza kinaweza kuwa kinga ya mtandao ya kompyuta yenyewe. Kwenye Mint huja ikiwa imezimwa, lakini kama uliiwasha, ruhusu milango 1714 hadi 1764 (yaani namba za njia ambazo programu hii hupitishia data), ya TCP na ya UDP pia, ambazo ni namna mbili za kusafirisha data. Wengi hufungua TCP wakasahau UDP, ilhali mbiu yenyewe husafiri kwa UDP. Kizuizi cha pili ndicho ninachokishuku zaidi, kwa kuwa nyumbani ilikubali. Ruta nyingi za taasisi hupangwa ziwatenganishe watumiaji, yaani kila kifaa kinapata intaneti lakini vifaa haviruhusiwi kusemezana vyenyewe kwa vyenyewe, na hapo hata ukiandika anwani ya IP kwa mkono haitasaidia.

Jaribu hivi: zima data ya simu, washa hotspot yake, kisha unganisha kompyuta kwenye hotspot hiyo. Vikionana, kizuizi kiko kwenye Wi-Fi ya shule. Picha zinazopita hapo kati ya simu na kompyuta haziligusi bando. Lakini ukiacha data ikiwa imewashwa, kompyuta inaweza kuanza kupakua masasisho yake, na hayo yatalimaliza. Tena, wakati wa kuoanisha, linganisheni msimbo wa uthibitisho unaoonekana pande zote mbili kabla ya kukubali, kwa sababu alama za wanafunzi si za kumfikia kila mtu.

Jibu la 2, kutoka kwa mtunza_maktaba

Naongezea jambo moja. KDE Connect inafaa pale mtu anapotaka kutuma picha hii au ile kwa mkono wake. Mwalimu anayetaka picha zifike zenyewe angefaa kutumia Syncthing, programu inayosawazisha folda, yaani inayofanya folda ya simu na ya kompyuta zifanane wakati wote. Kila kifaa kina utambulisho wa herufi na tarakimu 56, ambao hakuna haja ya kuunakili kwa mkono, kwani simu huusoma kwa kamera kutoka kwenye msimbo wa QR wa kompyuta. Vifaa visipoweza kuonana moja kwa moja, programu hupitia seva za kati, data ikiwa imefichwa kwa usimbaji, hivyo inaweza kufanya kazi hata kwenye Wi-Fi inayotenganisha watumiaji, ingawa hapo itatumia intaneti ya shule.

Mpangilio wa kiokoa betri cha simu lazima uiruhusu programu hii iendelee kufanya kazi nyuma ya pazia, la sivyo simu itaizima. Fahamu pia kwamba programu asili ya Android ilisitishwa Desemba 2024, na wengi sasa tunatumia tawi lake, yaani toleo linaloendelezwa na watu wengine, liitwalo Syncthing-Fork.

Kuna onyo ambalo nililipata kwa uchungu. Nilifuta picha kwenye simu ili nipate nafasi, na zikafutika kwenye kompyuta pia: orodha nzima ya vitabu nilivyokuwa nimevihesabu kwa siku mbili. Kusawazisha si kuweka akiba. Siku hizi kila folda ninayoiweka kwenye kompyuta naiwashia utunzaji wa matoleo ya zamani, ili kinachofutwa kwenye simu kihifadhiwe pembeni. Usimkabidhi mwalimu yeyote programu hii kabla hujafanya hivyo.

Jibu la 3, kutoka kwa mfasiri_wa_programu

Wenzangu wamejibu vizuri, lakini majibu yote mawili yanahitaji mtu anayejua milango, ruta na matoleo. Ninaamini kabisa kwamba programu huria zimekwisha kulitatua tatizo la kusafirisha faili, na zimelala kwenye kumwambia mtumiaji kinachoendelea. Hata dirisha jeupe la USB lina sababu inayoelezeka: tangu Android 3.0 ya mwaka 2011, simu ilianza kuacha kuikabidhi kompyuta hifadhi yake yote na badala yake kuorodhesha faili kwa itifaki ya MTP, ndiyo maana folda kubwa huchelewa. Sentensi moja, "Simu inaandaa orodha, usichomoe waya", ingetosha.

Orodha tupu ni mbaya zaidi. Programu inaweza kukagua kama kinga ya kompyuta imeifunga milango yake, kisha ikatoa kitufe cha kuifungua. Inaweza pia kupendekeza jaribio lilelile la hotspot alilolieleza fundi. Ombi langu kwako mwalimu ni kwamba uwaandikie watengenezaji, uwaeleze kioo kilionyesha nini na mzee aliuliza nini. Taarifa za namna hiyo ni adimu kwao, maana wengi wanaowaandikia ni mafundi waliokwisha kupata njia ya kuzunguka.

Kutoka kwa mwalimu_wa_hesabu

Nawashukuru nyote. Leo mchana nimejaribu hotspot huku data ikiwa imezimwa: simu imeonekana papo hapo, na karatasi ya alama ya kidato cha pili imefika ikisomeka hadi mstari wa mwisho. Kwa hiyo kizuizi ni Wi-Fi ya shule, na nimeomba ruta ipangwe upya. Syncthing nitaianza kwenye kompyuta moja tu, matoleo ya zamani yakiwa yamewashwa. Barua kwa watengenezaji nimeianza kwa swali la mzee kama alivyolitamka, nikaambatisha picha ya orodha ile tupu.