Nimepigwa: tela la boti limerudi bila breki, ekseli ni ileile, pesa imeliwa yote

Wakuu, naandika nikiwa Fufu, njiani kwenda bwawa la Mtera, kwenye benchi la mama ntilie, mkono wa kulia uko ndani ya ndoo ya maji. Umeunguzwa na habu (kitovu cha gurudumu) ya tela ambalo wiki iliyopita nililipia laki tisa na nusu litengenezwe.

Tela ni la zamani, lilitoka Uingereza pamoja na boti yake, tukalinunua mimi na shemeji kwa ajili ya kazi zetu za Mtera. Lilikuwa limechoka, sibishi. Matairi yanalika upande wa ndani, breki zimeganda kwa kutu. Nikalipeleka gereji moja pale Kizota, tukaandikiana kabisa: ekseli ibadilishwe, beringi mpya pande zote, oili sili, shuu za breki, kebo. Halafu nikapata msiba Kondoa, nikaondoka siku tatu. Hapo nilizembea, nakubali kabla hamjaanza kunisuta.

Narudi, nakuta tela linang'aa. Fundi kalipaka rangi! Nani alimwagiza rangi?

Leo alfajiri tumetoka Dodoma. Karibu na Mlowa Barabarani mbuzi wakakatiza, nikakanyaga breki, nikasikia Hilux inasukumwa kwa nyuma kama imegongwa na ng'ombe. Kwa wasiojua, breki za tela hili hazitumii umeme. Gari likipunguza mwendo, tela linakuja mbele kwa uzito wake, kichwa cha kuunganishia kinabonyea, kinavuta kebo, shuu zinatanuka na kubana dramu. Basi. Nikajipa moyo kwamba kebo imelegea tu, nikaenda mdogomdogo.

Fufu ikaja harufu. Kushuka, grisi imetapakaa ringi nzima na moshi juu. Nikagusa. Ndio mkono huo uliomo kwenye ndoo.

Tukapiga jeki, tukafungua. Ndani ya dramu hamna shuu. Sisemi zimelika, nasema HAZIMO. Kebo kaikunja, kaifunga kwenye chasisi kwa waya wa kufungia nondo. Beringi ni zilezile za zamani, kazipaka grisi mpya. Ekseli nayo ileile! Spindo, pale beringi inapokaa, imelika mpaka beringi inazunguka juu yake, sasa huyu bwana kachukua panchi (chuma chenye ncha) kagonga vidoti kuizunguka, ili chuma kivimbe kidogo kiishike. Nimevihesabu: 17 upande mmoja. Mtu mwenye muda wa kugonga vidoti 17 alikosa dakika moja ya kunipigia simu aseme "bosi, ekseli sijaipata"?

Nikampigia mimi. Neno la kwanza: "Hayo maji ya bwawa ndiyo yanaharibu, bosi." Maji gani? Hatujafika hata Chipogoro, toka atie mkono tela halijagusa tone!

Ni kweli maji yanaua beringi za tela la boti. Habu ikiwa ya moto ukaizamisha ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia sili iliyochoka, grisi inageuka nyeupe kama mtindi. Ndiyo maana nikifika Mtera huwa naliacha lipoe kwanza, watu wananicheka. Lakini hii grisi niliyoikuta haikuwa nyeupe. Ilikuwa imeungua, nyeusi tii.

Nikamuuliza kuhusu breki. Akanijibu, na naapa ndivyo alivyosema: "Bosi, tela halina injini, breki ya nini?" Nikauliza pesa ya spea iko wapi. Simu ikakatika, sasa haipatikani.

Boti na mashine yake vinakaribia nusu tani. Hebu fikirieni wale mbuzi wangekuwa watoto wa shule.

Na asije mtu hapa kuniambia ninunue jipya. Ninachotaka ni fundi wa kukereza spindo, Dodoma au hata Morogoro, au mwenye ekseli nzima ya tela dogo. Asije na ekseli ya Hiace iliyokatwa katikati ikaungwa kwa kuchomelea, hizo nimeshaonyeshwa tatu. Upana ni mita moja na sentimita 62, kutoka uso wa habu hadi uso wa habu. Atakayekuja aje na beringi mkononi, nizione kabla hajafungua boksi la grisi. Shemeji analala na boti hapahapa leo, na mashine tumeishusha tumeiweka stoo kwa huyu mama.