Mahali pa kuogelea nje karibu na Salt Lake City

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Familia yangu imehamia West Valley City kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na huu ndio msimu wetu wa kwanza wa joto hapa Utah. Mimi nilikulia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ilhali watoto wangu wamekulia kambini na hawajapata kuingia ziwani hata siku moja. Joto limepita nyuzi 35, milima imekauka pande zote, na ziwa kubwa lililo karibu nasi ni la chumvi. Naomba mwenye uzoefu anielekeze mahali ambapo familia inaweza kuogelea nje kwa usalama na bila kuvunja sheria.

Baba mgeni, West Valley

*

Ndugu yangu, karibuni sana, na poleni kwa safari ndefu.

Katika jimbo hili kavu, karibu kila maji unayoyaona yamepangiwa kazi. Theluji ya milimani huyeyuka, maji yake yakakusanywa katika mabwawa, kisha yakagawanywa kwa ajili ya kunywa na kumwagilia mashamba. Kwa hiyo, kabla hujauliza kama mahali panapendeza, uliza maji ya hapo yanatoka wapi na yanakwenda wapi.

Chukua mfano wa mito ya makorongo ya Big Cottonwood na Little Cottonwood, ambayo iko karibu na mji na inavutia sana wakati wa joto. Maji yake hunywewa na wakazi wa bonde hili, na ndiyo sababu kuogelea humo ni marufuku, na hata mbwa hawaruhusiwi kupelekwa huko. Wageni wengi hawafahamu hilo mpaka wanaposimamishwa na askari.

Ziwa la chumvi, Great Salt Lake, nalo lina sababu ya kuwa na chumvi. Mito huingia lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na chumvi hubaki. Upande wa kusini chumvi huwa mara tatu ya ile ya baharini au zaidi, na upande wa kaskazini, uliotengwa na tuta la reli lililojengwa mwaka 1959, imezidi hata hapo. Ukitaka kulijaribu, nenda Bridger Bay katika kisiwa cha Antelope, ambako gari hufika kwa barabara iliyopita juu ya ziwa. Kwa kuwa ziwa limepungua sana, na mwaka 2022 lilishuka kuliko wakati wowote katika kumbukumbu zilizopo, utatembea mwendo mrefu juu ya mchanga kabla ya kuyafikia maji. Mwili huelea wenyewe, miguu ikapanda juu bila kutaka. Mtoto mwenye kidonda au mkwaruzo atalia, na maji yakimwingia machoni atalia zaidi, basi beba chupa ya maji yasiyo na chumvi ya kumsafishia uso papo hapo. Ukingoni utakuta utando mweusi wa nzi wadogo ambao hawaumi; wanaouma ni visubi wa majira ya kuchipua, na kwa sababu yao mimi sipeleki watoto huko kabla ya Julai.

Kwa watoto wasiojua kuogelea, ushauri wangu ni mmoja: Bear Lake, mpakani mwa Utah na Idaho, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Maji yake si ya chumvi, na rangi yake ya samawati hutokana na chembe za chokaa zinazoelea ndani yake. Ufuko wa Rendezvous upande wa kusini una mchanga, na ule wa North Beach upande wa Idaho una kina kifupi sana, kiasi kwamba mtu mzima huenda mbali maji yakiwa bado magotini. Hata hivyo, ziwa liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hata mwezi wa Julai maji yake si kama ya Tanganyika, ambayo huwa na nyuzi 25 hivi mwaka mzima. Sisi tuliokulia kwenye maji ya uvuguvugu tunapaswa kuliheshimu jambo hili, kwa maana baridi hukata pumzi na kulegeza mikono ya mwogeleaji hodari.

Mabwawa ya Jordanelle na Deer Creek yako karibu zaidi, lakini hayo ni mabonde yaliyojazwa maji, na kwa hiyo kina huweza kuongezeka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni. Deer Creek ina upepo mkali wa alasiri unaoweza kulisukuma boya la mtoto hadi katikati ya bwawa, kwa hiyo fikeni asubuhi. Utah Lake halina kina kirefu na hupata joto upesi, lakini joto hilo hilo huotesha bakteria wenye sumu, na maji yakawa ya kijani kama rangi iliyomwagika. Ukikuta bango la tahadhari, ondoka, hata kama wengine wanaogelea.

Mkaazi wa miaka mingi, Kearns

*

Ndugu zangu, naomba kuongeza mawili.

Fuko za hifadhi za jimbo kwa kawaida hazina waokoaji, hivyo kila mtoto avalishwe jaketi okozi linalomkaa sawasawa. Baadhi ya hifadhi huazimisha bila malipo. Ulizeni langoni mnapolipia gari.

La pili, watoto wakitoka majini na vipele vinavyowasha, msiogope kichocho. Minyoo ya hapa ni jamaa ya ile ya kwetu, nayo hutoka kwa konokono, lakini ni ya ndege. Hufia kwenye ngozi ya binadamu bila kuendelea mwilini. Wasugueni kwa taulo mara tu wanapotoka majini, kabla ngozi haijajikausha yenyewe.

Mama wa watoto wanne, South Salt Lake