Tupeane uzoefu: Anatomia ilikuingiaje ukiwa mwanafunzi wa fiziotherapia?

Kijana wa Upanga (mtoa mada)

Habari zenu wakuu. Nasoma fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hapa Dar, na somo linalotukosesha usingizi darasani kwetu ni anatomia, elimu ya maumbile ya ndani ya mwili. Mtu mzima ana mifupa 206, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Ukija kwenye misuli, kila mmoja una maswali yake manne: unaanzia wapi, unaishia wapi, unafanya kazi gani, na unaendeshwa na mshipa gani wa fahamu. Wapo wanaokariri usiku kucha, mtihani ukipita wanabaki na majina matupu.

Mimi kilichonivusha ni kuchora. Ule mtandao wa mishipa ya fahamu unaotoka shingoni kwenda mkononi, C5 hadi T1 (wa tano wa shingo hadi wa kwanza wa kifua), nauchora asubuhi kabla ya chai bila kufungua kitabu, na nikikwama ndipo naangalia. Naamini sisi hatuwezi kuisoma anatomia kama daktari wa upasuaji. Yeye atafungua aone. Sisi tunaweka mkono juu ya ngozi, na inabidi tujue kilichoko chini yake. Wanafunzi wenzangu na mlioko kazini, kwenu ilikuwaje? Elezeni hata kwa kirefu, tunasoma.

Binti Mbagala

Niongelee chumba cha maiti, maana wengi wanakiogopa kuliko mtihani wenyewe. Formalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, inachoma macho na harufu yake inakufuata hadi kwenye daladala, hilo ni kweli. Lakini mimi kilichonishika ni mikono. Uso ulikuwa umefunikwa, ila viganja vilikuwa na sugu. Huyu alikuwa mtu wa kazi, ana kwao. Mwalimu alitusimamisha kimya kabla ya kuanza, kila mmoja akaomba kwa imani yake. Picha marufuku, mzaha marufuku. Nampenda mwalimu yule kwa hilo hadi leo.

Siku tuliyofika kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, mwalimu alivuta kano moja pale juu ya kifundo cha mkono, na kidole cha kati kikajikunja. Darasa zima tulinyamaza. Nilikuwa nimesoma kwamba vidole vyenyewe havina misuli ndani yake, kwamba vinavutwa kutoka kwenye kigasha na kiganja, lakini kusoma ni jambo jingine. Tangu siku ile, mgonjwa akiniambia kidole hakikunji, macho yangu yanaanzia karibu na kiwiko.

Mzee wa Viungo

Mtoa mada umegusa penyewe. Niko kazini miaka mingi, nitawapa kisa kimoja tu.

Aliletwa kijana dereva wa bodaboda, mfupa wa mkono wa juu umevunjika katikati. Mfupa ulikuwa umeshatulizwa, lakini kiganja kilikuwa kinaning'inia, hawezi kukiinua wala kunyoosha vidole. Mama yake analia, anadhani mwanawe kapata kiharusi. Sasa hapo ndipo anatomia inapolipa. Mshipa wa fahamu wa radiali unapita nyuma ya mfupa ule, umeulalia kabisa, kwa hiyo mfupa ukivunjika katikati na wenyewe huumia kirahisi. Nikamwambia kijana anyooshe kiwiko. Akanyoosha vizuri. Kwa nini? Kwa sababu matawi ya kwenda kwenye traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu unaonyoosha kiwiko, hutoka juu zaidi, kabla ya pale palipovunjika. Bila mashine yoyote, nikajua tatizo limeanzia wapi.

Tulimwekea kishikizo cha kuinua kifundo, nikamfundisha mama yake kuvichezesha viungo vya mkono kila siku visikakamae, kisha tukasubiri. Mshipa wa fahamu hukua taratibu sana, kwa makadirio ya milimita 1 kwa siku, na mwenye haraka atakata tamaa bure. Kila alipokuja niliutafuta kwanza msuli wa brakioradialisi, huu unaotuna upande wa kidole gumba unapokunja kiwiko dhidi ya uzito. Ndio hupata uhai mapema, maana tawi lake liko jirani na kiwiko. Siku nilipouhisi unacheza chini ya vidole vyangu, nilimwita mama yake aje aweke mkono wake pale pale. Kiganja chenyewe kilianza kuinuka baadaye.

Hakuna aliyeniuliza mtihani siku ile. Lakini kama ningekuwa nimekariri tu, ningemwambia nini yule mama?

Kimara Mwisho

Mimi darasa langu lilikuwa mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, nimesimama. Basi likifunga breki unawaona abiria wanavyojizuia: nani anatumia misuli ya ndama, nani anaruka hatua, nani anavuta bomba kwa bega. Unautaja msuli kimoyomoyo. Jaribuni.

Mama Wawili

Wanangu, shikaneni. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulifunga mlango, tukajifunga kanga, tukatafutana mifupa. Ombeni ruhusa kwanza, kila mara, hata kwa rafiki. Tabia hiyo mtaibeba hadi kwa mgonjwa. Anzeni na alama: ncha ya chini ya bapa la bega iko karibu usawa wa pingili ya T7 (ya saba ya kifua), na mikono ikikaa juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vinakutana karibu na L4 (pingili ya nne ya kiuno). Ukizijua hizo, mgongo hautakupoteza. Na msishikane wembamba tu. Wagonjwa wetu wana miili ya kila aina.

Kijana wa Upanga (mtoa mada)

Mama Wawili, shikamoo. Mzee wa Viungo, shikamoo pia, nimesoma kisa chako mara mbili. Naomba niulize: mgonjwa akisimama kwa mguu wa kushoto, nyonga ya kulia inashuka. Kitabu kinasema udhaifu uko kushoto. Mbona kinachoshuka ni kulia?

Mama Wawili

Marahaba. Simama wewe mwenyewe kwa mguu wa kushoto, weka kiganja pembeni ya nyonga ya kushoto. Umehisi inavyokaza? Ni gluteasi midiasi, msuli wa pembeni ya nyonga. Msuli huo umeshika paja upande wa chini na nyonga upande wa juu, kwa hiyo mguu ukiwa umekanyaga, unaivuta nyonga ya kushoto kuelekea chini ili ya kulia ibaki juu. Msuli ukilegea, ya kulia inaanguka. Mgonjwa huyo mpe fimbo aishike mkono wa kulia, halafu mwangalie anavyotembea.

Kijana wa Upanga (mtoa mada)

Nimesimama, nimehisi. Kesho narudia na wenzangu wa kikundi, kila mmoja kwa mguu wake.