Mjadala: Je, kuwaomba watakatifu kunampunguzia Kristo nafasi yake?

Ndugu zangu, hoja tunayotupiwa sana sisi Wakatoliki ni 1 Timotheo 2:5: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Basi Maria, Petro au Antoni wa Padua wanaingiaje hapo?

Naikubali aya hiyo yote. Ila msianzie hapo. Anzeni aya ya 1, ambapo Paulo anaagiza sala na maombezi kwa ajili ya watu wote. Kama kuombeana kungemnyang'anya Kristo upatanishi wake, Paulo asingeagiza hivyo. Nanyi mnaotupinga humwomba mchungaji awaombee, wala hamwoni kwamba mmemkalisha mahali pa Kristo.

Kwa hiyo tunachogombania hasa ni kifo: je, kinamtenga mwamini na mwili wa Kristo? Mnaleta Kumbukumbu la Torati 18:11, inayokataza kuwauliza wafu. Pale kinachokatazwa ni kutafuta kwa wafu habari za siri. Anayesali Litania ya Watakatifu, sala ya kuwataja watakatifu mmoja mmoja, hatafuti habari yoyote. Huanza na Bwana, "utuhurumie". Akifika kwa Petro na Paulo husema tu "utuombee". Tena Ufunuo 5:8 unawaonyesha wazee 24 mbele ya Mwanakondoo, wameshika vitasa vya dhahabu vilivyojaa sala za watakatifu, yaani waamini. Kama sala zetu zinapita mikononi mwao, ni Mungu anayewajalia kuzijua. Si uwezo wao wenyewe.

Sasa nageukia kwetu. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea, mwaka 787, uliruhusu sanamu takatifu ziheshimiwe, lakini ibada ya kweli ukamwachia Mungu peke yake. Ule wa Trento, mwaka 1563, ulifundisha kwamba ni vema na yafaa kuwaomba watakatifu, na hapohapo ukaamuru ushirikina wote na tamaa ya fedha viondolewe. Sehemu hiyo ya pili tunaisahau mno! Novena, yaani sala ya siku tisa, inayosambazwa kwa ahadi ya jibu la hakika, pamoja na vitisho kwa asiyewatumia wengine, ni uganga uliovishwa jina la mtakatifu. Inaniuma kuiona ikipita katikati yetu bila kukemewa. Hapo wanaotukosoa wana haki kabisa.

Lakini anayepinga maombezi yenyewe anijibu hili: mwamini aliyekuwa akikuombea jana, akifa leo na kufika kwa Bwana, nini hasa kinamzuia kuendelea?