Iafoni (visikilizio vya masikioni) za bei kubwa kwa anayeishi jirani na mashine ya kusaga: za kuziba au za kufuta kelele?

Nkuhungu_Juu

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo ya mtu aliyetumia kwa mikono yake.

Nasoma uzamili hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Nina mahojiano zaidi ya arobaini niliyorekodi Bahi na Chamwino, na kazi yangu ya miezi hii ni kuyasikiliza na kuyaandika neno kwa neno. Nimepanga chumba Nkuhungu. Nyuma ya ukuta wangu kuna mashine ya kusaga, saa mbili asubuhi inaanza. Mbele kuna fundi wa mageti na grenda yake, bodaboda hazikatiki, na gari la matangazo linapita likitaka. Iafoni yangu ya elfu kumi haizuii kitu. Naongeza sauti mpaka mwisho, jioni masikio yanavuma.

Nimejichanga, ninayo laki nane. Naona soko lina makundi mawili. Kuna za kuziba, zinaingia ndani sana ya sikio kama kizibo, nyingi ni za waya: Etymotic ER4SR, Shure SE215 na ndugu zao. Na kuna za kufuta kelele kwa umeme, hazina waya: Sony WF-1000XM5, AirPods Pro 2. Kwa kelele za kwangu, ipi inafaa? Muziki si lazima. Nataka kusikia bibi wa miaka themanini anachosema.

Msafiri wa Dom-Dar

Karibu mkuu. Natumia hiyo Sony mwaka wa pili sasa. Nafanya kazi Mtumba na familia iko Dar, kwa hiyo tangu treni ya umeme ianze 2024 niko humo karibu kila wiki mbili. Ukiwasha kufuta kelele, ule mngurumo wa behewa unaondoka mara moja, kama mtu amezima feni chumbani. Nafika Dar kichwa kikiwa chepesi. Betri inakaa saa 8 ukiwa umewasha kufuta, safari inakwisha bado ipo.

Nakupa na kasoro zake. Mtu wa kiti cha nyuma akiongea na simu bado unamsikia, kwa mbali lakini maneno unayapata. Na upepo wetu wa Julai hadi Septemba ni shida. Nikitembea nazo kutoka ofisini kwenda kituoni, upepo unapiga maiki zilizo nje, sikioni inakuwa kama mtu anapuliza chupa. Pale nje nazima kufuta, nabaki na vipira tu, vile vya mpira vinavyoziba sikio.

Bei yake ilitoka dola 299 Marekani mwaka 2023. Kwa laki nane zako hubaki na kitu.

Fundi Jamatini

Mkuu, kabla ya kutaja majina ya kampuni angalia kelele zako ni za aina gani, maana huwezi kuzitibu zote kwa dawa moja.

Hiyo ya kufuta ina maiki inayosikia kelele, halafu inatoa wimbi lililogeuzwa, mlima ukikutana na bonde vyote vinakufa. Inafanya vizuri sana kwa sauti nzito zinazokwenda mwendo mmoja: injini, feni, jenereta, mota ya mashine yako ya kusaga. Sauti ikipanda kufika kama Hz 1000 hivi (mitetemo elfu moja kwa sekunde), wimbi linakuwa fupi mno na hesabu haiwahi. Kuanzia hapo kinachokulinda ni kipira, yaani kuziba kwa kawaida. Sasa grenda ni sauti kali ya juu. Honi, matangazo, watu wanaobishana kibarazani, vyote viko huko katikati na juu. Kwa kusikiliza maelezo yako, moja tu kati ya kelele zako ndiyo ya kufutwa, nyingine zote ni za kuzibwa.

Hata hiyo Sony isipokaa sikioni vizuri, kufuta kwake kunapungua sana, maana sauti nzito inapenya kwenye uwazi. Nimeletewa na wateja watatu wakisema ni mbovu. Mmoja nilimbadilishia kipira, nikampa kikubwa zaidi, akaondoka anacheka.

Lingine ni uhai wake. Hizi zisizo na waya zina betri ndogo ya lithiamu ndani ya kitu kilichogundishwa. Baada ya miaka miwili mitatu ya kuchaji kila siku inaanza kukata mapema, na kufungua bila kuharibu ganda ni kazi ngumu, huwa sipendi kumwahidi mtu. Za Shure na Etymotic zenye waya unaochomoka, waya ukikatika unanunua waya tu. Nina mteja ana SE215, amebadilisha waya mara mbili na iafoni ni zilezile.

Na tahadhari na kopi. Za AirPods ziko kila kona, hata ile picha ya kuunganisha inatokea kwenye simu kama ya kweli. Ukiwasha kufuta kelele ndipo unajua. Usilipe kabla hujasimama nayo karibu na jenereta.

Kinanda cha Kwaya

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine salaam. Napiga kinanda kwenye kwaya yetu huku Area C na nina SE215 pamoja na ER4SR, kwa hiyo nitasema nilichoona.

SE215 ndiyo ninayovaa jukwaani. Waya unapita juu ya sikio, haidondoki ukitikisa kichwa, na ngoma za nyuma yangu zinashuka vizuri. Kampuni inasema inazuia mpaka desibeli 37 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Bei ilikuwa dola 99, ndiyo sababu wanamuziki wengi wanaanzia hapo. Besi yake imenona kidogo, kwa muziki ni raha. Kwa sauti ya mzee anayeongea polepole, besi hiyo inafunika herufi.

ER4SR ni kitu kingine. Ukoo wa ER4 upo tangu 1991 na lengo lao halijabadilika: sauti iliyonyooka, haijapakwa chochote. Besi ni ndogo, mtu anayependa singeli atasema haina nguvu. Lakini maneno! Unasikia mtu akimeza mate. Wao wanadai desibeli 35 hadi 42 kulingana na kipira, na mimi nikiivaa mke wangu lazima anishike bega.

Gharama yake iko kwenye uvaaji. Kile kipira chenye sahani tatu kinaingia ndani kuliko ulivyozoea. Wiki ya kwanza nilikichukia, niliona kama daktari ananichokonoa. Utaratibu ni huu: lowesha kidogo, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, sukuma taratibu. Ukitoa, zungusha kwanza hewa iingie, usivute kwa nguvu. Ukitumia vya sponji, vifinyange viwe vyembamba, ingiza, shikilia kama nusu dakika vivimbe. Sponji inachoka, baada ya miezi kadhaa unabadilisha.

Na waya wake ukigusa nguo unasikia gu gu gu sikioni. Ubane na kile kibanio kwenye kola. Hatua zako na sauti yako mwenyewe pia zitavuma kichwani, hiyo ni kawaida ya sikio lolote lililozibwa. Umekaa mezani haitakusumbua. Ukitafuna karanga itakusumbua.

Kuhusu kuandika mahojiano: bluetuthi inachelewesha sauti kidogo. Kwa wimbo hujali. Kwa mtu anayesimamisha na kurudisha nyuma mara mia kwa saa, kila mara neno linakuponyoka. Waya hauna hilo. Simu yako kama haina tundu la iafoni, nunua kigeuzi cha tundu la chaja, ila kompyuta nyingi bado zinalo.

Ihumwa Kwetu

Kwangu laki nane kwa iafoni ni nyingi, samahani. Nunua hizo Shure, weka sponji, juu yake vaa vile viziba masikio vya kiwandani wanavyovaa watu wa site. Unapata ngao mbili kwa pesa isiyofika nusu. Joto la Oktoba litakutesa, huo ndio ubaya wake.

Kama una iPhone na roho yako iko kwenye AirPods Pro 2, tafuta ya tundu la USB-C iliyotoka 2023. Ina kiwango cha IP54, yaani cha kukinga vumbi na maji, ile 5 ni ya vumbi. Sony XM5 ni IPX4, maji tu. Kwa Dodoma mimi vumbi naliogopa kuliko mvua.

Mama Kisasa

Wanangu, hamjambo. Mimi ni muuguzi, naomba niongee kuhusu masikio yenyewe.

Mwenye mada umesema jioni masikio yanavuma. Usilichukulie hivihivi. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda salama unashuka mpaka saa 4 tu kwa wiki nzima. Wewe unasikiliza siku nzima na sauti iko mwisho kwa sababu unashindana na mashine. Kwa hiyo faida ya kwanza ya iafoni inayozuia kelele ni kwamba utapunguza sauti. Ukinunua ya laki nane ukaendelea kuweka juu vilevile, umejiumiza.

Hizo za kuingia ndani zinasukuma nta. Mwenye nta nyingi akaangaliwe kwanza hospitali, na asichokonoe na njiti. Vipira vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikauke kabisa. Usiazimane na mtu bila kubadilisha vipira. Sikio likiwasha au likitoa majimaji, acha mpaka lipone.

Na jambo moja la nyumbani. Jirani yangu kijana alikuwa anavaa hizo, watu wanabisha hodi mpaka wanaondoka, mama yake akaanza kusikia maneno kwamba mwanawe ana dharau. Zile za kufuta zina kitufe cha kuruhusu sauti ya nje, za kuziba hazina. Kama unalea mtoto au unaishi na mgonjwa, vaa sikio moja. Na barabarani, mwanangu, usivae kabisa. Bajaji haikusubiri.

Nkuhungu_Juu

Shikamoo mama, nimekusikia, nimeshakwenda kuangaliwa masikio na yako salama. Wakuu wote asanteni sana. Naleta mrejesho.

Kinanda aliniazima ER4SR kwa siku nne, nikanunua vipira vyangu. Msafiri naye Jumamosi alikuja na Sony yake mpaka chumbani, tukakaa wawili mezani mashine ikiwa inasaga.

Mashine peke yake, Sony imeshinda wazi. Ule mtetemo wa chini ulipotea, nilibaki nasikia punje zikigonga tu. Kwenye ER mashine ilibaki, kama vile imehamishiwa nyumba ya nne. Grenda ilipoanza mambo yakageuka: Sony ikapunguza makali lakini sauti ipo, ER ikaacha mlio mwembamba kama wa mbu. Akina mama waliokuwa wakisubiri unga nje ya dirisha, kwa Sony niliweza kufuata wanachozungumza, kwa ER sikuweza. Na Kinanda amesema kweli kuhusu kusimamisha na kurudisha, kwa waya kidole na neno vinakwenda pamoja.

Sauti sasa iko chini ya nusu. Siku ya kwanza sikio la kushoto liliuma nikahamia kipira kidogo, kikakaa. Hodi nimelitatua kwa karatasi mlangoni: "Nipo, piga simu." Simu naiweka mtetemo juu ya meza.

Kuna mahojiano ya bibi mmoja wa Bahi, tuliyafanya chini ya mbuyu, kuku wanapita na upepo unavuma. Mwezi uliopita niliandika kwamba mwaka ule wa njaa watu wa upande wa pili wa korongo "walilima." Sentensi haikukaa, nikaiwekea alama ya kuuliza na kuendelea. Juzi nimeirudia na ER. Bibi anavuta pumzi, anashusha sauti, anasema "walihama." Nimeisikiliza mara sita. Walihama. Kurasa mbili zinazofuata zote zinasimama juu ya neno hilo.

Naagiza ER4SR kupitia ndugu aliyeko nje. Mahojiano kumi na moja niliyoyaandika na iafoni ya zamani nayaanza upya Jumatatu.