Matengenezo ya gari: karakana ya wakala Kisumu au fundi wa gereji ya mtaani?

MwalimuKakamega aliuliza:

Ndugu zangu, salamu. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Nina Nissan X-Trail ya mwaka 2017, iliyoagizwa kutoka Japani na kuingia nchini mwaka 2024, yenye injini ya petroli ya lita mbili na giaboksi ya CVT. Oili ya injini na pedi za breki hubadilishwa na fundi wa hapa mjini, na kazi yake sina lawama nayo. Sasa gari limeanza kutetemeka linapopanda mlima wa Riat, hasa ninapotoka Kisumu nikiwa na abiria, na hali hiyo hupungua barabara inapotulia kuelekea Kiboswa. Fundi wangu anapendekeza tumwage oili ya giaboksi na kuweka mpya. Karakana ya wakala wa Nissan mjini Kisumu nayo inataka gari lifikishwe kwa uchunguzi wa kulipiwa kabla ya kunitajia gharama yoyote, na jamaa zangu wananiambia kwamba huo ni mwanzo wa bili ndefu. Kwa gari ambalo halina waranti ya mtengenezaji hapa nchini, je, kuna sababu ya msingi ya kulipa bei ya wakala?

FundiWaKibuye alijibu:

Mwalimu, nilifanya kazi katika karakana ya wakala kabla ya kufungua gereji yangu, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua kuhusu pande zote mbili.

Tafadhali usikubali oili ya giaboksi imwagwe kabla hujajua ni kitu gani kinachotetemesha gari. Giaboksi ya CVT haina gia za kupandishwa moja baada ya nyingine, bali ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubanana kwa nguvu ya oili. Oili hiyo lazima ilainishe na wakati huohuo iuwezeshe mkanda kushika puli bila kuteleza, na ndiyo maana Nissan wametaja aina yake maalumu, ambayo kwa gari lako ni NS-3. Ukiwekewa oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, hata iwe ya bei ya juu kiasi gani, mkanda utaanza kuteleza na kukwaruza puli, na hapo hasara yake ni giaboksi nzima. Isitoshe, kiwango chake hupimwa oili ikiwa katika joto maalumu, joto ambalo husomwa kwa mashine. Muulize fundi wako mambo mawili tu: atatumia oili gani, na atapimaje kiwango chake. Akikujibu kwamba oili zote za otomatiki ni sawa, kazi hiyo si yake, ingawa anaweza kuwa hodari sana katika breki.

Jambo la pili ni kwamba kutetemeka mlimani si lazima kutoke kwenye giaboksi. Plagi iliyochakaa au koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) inayoshindwa kutoa cheche kamili huonyesha udhaifu wake injini inapobeba mzigo mzito, na dereva huhisi mtikiso uleule. Hapa ndipo uchunguzi unapolipa gharama yake. Vifaa vingi vya bei nafuu vya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, vinaiona kompyuta ya injini pekee, wala haviioni ya giaboksi, hivyo mtu anaweza kukuambia kwamba gari halina kodi yoyote ilhali aliuliza kompyuta moja tu. Wakala anayo mashine ya mtengenezaji inayosoma zote. Gereji chache za kujitegemea nazo zina mashine ya kiwango hicho, na ukiipata mojawapo huna sababu ya kwenda kwa wakala kwa uchunguzi peke yake.

Iwapo itabainika kwamba giaboksi yenyewe inahitaji kubadilishwa, au sehemu yake ya vali, nenda kwa wakala au kwa fundi mwenye mashine inayoweza kuandika data ya giaboksi mpya katika kompyuta ya gari. Bila hatua hiyo gari linaweza kutembea, lakini litashika vibaya. Kuhusu oili ya injini, pedi, busheni, beringi, shoku na rejeta, sioni kwa nini umlipe wakala kwa gari la umri huo. Hizo ni kazi za mkono uliozoea, na barabara zetu zimewapa mafundi wa hapa mazoezi ya kutosha.

MhasibuNakuru alijibu:

Ninakubaliana na fundi kuhusu giaboksi, lakini ningependa kuongeza upande wa karatasi, kwa sababu ninasimamia magari ya ofisi hapa Nakuru na migogoro mingi ninayoiona haihusu spana.

Watu hulinganisha bei ya wakala na ya gereji kana kwamba wanalinganisha kitu kimoja. Bili ya wakala ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mara nyingi ina dhamana ya maandishi ya kazi na ya spea. Bei ya gereji ndogo kwa kawaida haina vyote viwili. Ukiiomba gereji ikuandikie risiti yenye jina la spea, maili za gari siku hiyo na muda wa dhamana, pengo la bei hupungua kidogo, lakini unapata kitu cha kudai nacho. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu matengenezo ya magari: inazungumzia makadirio ya gharama, idhini ya mteja kabla ya kazi, na kurudishiwa spea zilizotolewa. Sheria hiyo inamhusu wakala na vilevile fundi wa jua kali, kwa hiyo Mwalimu ana haki ya kudai makadirio ya maandishi popote atakapokwenda.

Kuna desturi moja ambayo ninaipinga kabisa, ingawa najua wengi wanaipenda. Mwenye gari hujinunulia spea mwenyewe, pengine akaziagiza kutoka Kirinyaga Road kule Nairobi, kisha akampelekea fundi azifunge tu. Anadhani ameokoa pesa. Spea ikiharibika baada ya muda mfupi, muuzaji husema ilifungwa vibaya, na fundi husema spea ilikuwa mbovu, na mwenye gari hubaki katikati akiwa amelipa pande zote mbili. Ni afadhali mtu mmoja auze spea na kuifunga, awajibike kwa vyote, nawe uombe kuona pakiti yake kabla haijafunguliwa.

Ukitaka kumpima fundi usiyemjua, muulize kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na ni wa daraja gani. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini kinaonyesha kwamba kuna aliyemkagua.

Jambo la mwisho linawahusu wenye magari ya zamani kidogo kuliko la Mwalimu. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata iliamriwa irudishwe duniani kote, kwa sababu kemikali inayoijaza huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru ni miongoni mwa kampuni zilizoathiriwa, na hali ya hewa ya Kisumu ni ya joto na unyevu. Mpe wakala nambari ya chasi akuangalizie. Hili si jambo la kumwachia fundi wa mtaani, hata awe ndugu yako wa damu.

MwalimuKakamega alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimempata fundi mwenye mashine inayosoma injini na giaboksi. Upande wa giaboksi haukuwa na kodi, lakini injini imetoa P0302. Anasema ninunue koili zote nne na plagi zote nne. Je, ni lazima?

FundiWaKibuye alijibu:

Bado si lazima, Mwalimu. P0302 maana yake ni kwamba silinda ya pili haichomi mafuta sawasawa, lakini kodi hiyo haisemi kwa nini. Mwambie ahamishe koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, afute kodi, kisha mpande mlima pamoja. Ikirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu, na utanunua moja. Ikibaki P0302, afungue plagi na kuzikagua. Hizo ningezibadilisha zote nne kwa pamoja, kwa kuwa zimechakaa kwa mwendo mmoja. Kama baada ya hapo kodi bado ipo, tatizo huenda ni sindano ya mafuta, na kwa kuwa injini yako inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, asiifungue mtu asiye na vifaa vya kazi hiyo. Wakala wa Kisumu atakufaa hapo.

Usisafiri mbali kabla ya jaribio hilo, maana petroli isiyoungua huingia katika ekzosi na kuharibu kichujio cha moshi, ambacho ni ghali kuliko koili zote nne. Na mtikiso ukibaki hata baada ya kodi kuisha, rudi kwenye giaboksi, uanze na oili ya NS-3.