Safari na gari la kulala: mnabeba maji lita ngapi? Tupeane uzoefu

Mgeni_wa_Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kuna ndugu zangu wanakodi Land Cruiser yenye hema la juu pale Arusha. Njia yao ni Mto wa Mbu, Ngare Sero, wapande Loliondo, watokee Serengeti. Watu wazima wawili na watoto wawili. Wameniuliza wabebe maji kiasi gani.

Ukitafuta mtandaoni unapewa lita kadhaa kwa kichwa, zidisha kwa watu, zidisha kwa siku, basi. Hesabu hiyo mimi siiamini sana, maana haiulizi bomba linalofuata liko wapi na maji yake yakoje. Mto wa Mbu maji yapo tele. Ukishaupita unakuwa na vumbi, joto na ziwa kubwa la magadi mbele yako ambalo hata kunawia uso hutalitamani.

Mimi napima umbali kati ya sehemu mbili zenye maji ya uhakika, kisha naongeza usiku mmoja wa kukwama. Maji ya kunywa na kupikia lita 5 kwa mtu mzima kwa siku kwenye joto, na hayo hayaguswi kwa kazi nyingine. Ya kuosha na kuoga yanakaa kwenye madumu yake, yakiisha tunavumiliana harufu.

Anayelala kwenye gari, awe dereva wa lori, aliyeko Ulaya au Uarabuni, aseme anabeba kiasi gani, anaweka wapi, na nini kimemfikisha kwenye kiasi hicho.

---

Chuma_Cha_Zamani

Mimi nabeba katoni mbili za maji ya Kilimanjaro na pochi nene. Uzi ufungwe.

---

Mgeni_wa_Njia

Pochi yako uje nayo Ngare Sero saa nane usiku tairi limepasuka, tuone nani atakuuzia.

---

Utingo_Mstaafu

Nyie mnaliita gari la kulala kana kwamba limekuja juzi. Sisi tumelala kwenye kabini za malori tangu ujana.

Nimekwenda njia ya Kongo miaka mingi, kwanza utingo, baadaye dereva. Lori la safari ndefu lina tangi la maji ubavuni mwa trela, chini, na bomba dogo la kufungulia. Kuna la bati, kuna la plastiki. Hilo ndilo jiko letu, bafu letu na msala wetu. Asiyelijua apite Tunduma aangalie watu wanavyopika ugali kivulini mwa trela.

Kilichotufundisha kujaza ni foleni ya mpakani. Barabarani maji hayakupi shida: Mpika utapata, Serenje utapata, Kapiri Mposhi utapata. Shida ni Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Unafika unaambiwa foleni imerudi nyuma kilomita kadhaa, huna siku ya kutoka, na kuliacha gari huwezi maana ukirudi utakuta turubai limepasuliwa. Hapo anatokea kijana na baiskeli na madumu, anakuuzia. Ameyatoa wapi? Huulizi, na ukiuliza atakwambia kisimani. Kipindupindu nacho hakina haja ya kukuuliza.

Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa huu: tangi la trela linajazwa Zambia kabla ya foleni, tunalitumia kuoga na vyombo. Ndani ya kabini, nyuma ya kiti, dumu la lita 20 la kunywa, na funguo zake anazo dereva, yaani utingo haligusi bila ruhusa. Foleni ikivuka siku ya pili, kuoga kunapungua, tunafuta mwili kwa kitambaa. La kunywa halipunguzwi.

Kingine ambacho watalii husahau: gari nalo linakunywa. Maji ya rejeta yawe na dumu lake lenye alama. Nimeona mtu anamimina maji ya kunywa ya familia kwenye injini iliyochemka mlima Kitonga, watoto wanamwangalia.

---

Bi_Nyali

Utingo umenikumbusha mbali.

Mimi na mume wangu tunaenda Turkana kila tukipata nafasi, kwa gari letu, tukitokea upande wa Laisamis hadi Loiyangalani. Barabara hiyo ni afadhali sana tangu itengenezwe kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo. Lakini upepo uliowaleta wenye mradi ndio huo huo unaokukausha. Mombasa unatoka jasho unajijua una kiu. Kule jasho hulioni, linapeperushwa ngozini, unafika jioni kichwa kinagonga na midomo imepasuka. Huko lita 5 zako Mgeni naziona chache, sisi twahesabu 7 kwa mtu mzima.

Na ziwa lile lisikudanganye kwa rangi yake nzuri. Maji yake yana chumvi na magadi, ya kuogea sawa, ya kunywa mgeni hayamfai. Kule Loiyangalani kuna chemchemi, Kalacha vilevile, lakini hizo ni za wenyeji na mifugo yao. Ukichota, omba, na usiwe mtu wa kujaza tangi la lita mia wakati mama wa watu anasubiri na mtungi mmoja.

Sisi hatutumii tangi moja. Twabeba madumu sita ya lita 20. Barabara ya kokoto ikitikisa, dumu lagusana na msumari au ncha ya chuma, latoboka taratibu bila wewe kujua. Rafiki zetu walipata hilo: tangi moja kubwa, tundu moja dogo, na walipofungua mlango wa nyuma blanketi ndizo zilizokuwa zimekunywa. Sisi twaweka gunia au zulia kuukuu kati ya dumu na dumu.

---

Mtanga_wa_Leeds

Huku Uingereza tatizo letu limegeuka juu chini. Maji yapo kila kambi, kikwazo ni uzito.

Gari-nyumba nyingi zimeandikishwa zisizidi kilo 3,500 zikiwa zimepakiwa, kwa sababu leseni ya kawaida ya gari dogo inaishia hapo. Waliofaulu mtihani kabla ya 1997 wao wanaruhusiwa hadi kilo 7,500, sisi tuliokuja baadaye hatuna bahati hiyo. Sasa lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi langu ni la lita 110. Nikilijaza ni sawa na kumpakia mjomba mwenye kitambi ambaye hachangii mafuta. Weka mke, watoto, gesi, baiskeli, unga wa ugali wa kutosha likizo nzima, tayari umepitiliza, na ukisimamishwa kwenye mizani faini ni yako.

Kuna watengenezaji ambao wameweka kabisa valvu ya kupunguza, gari likiwa safarini linabaki na lita 20 tu, na uzito wa kwenye karatasi wameupiga kwa hizo 20. Wengi hawajui hadi waulize kwa nini maji yanamwagika chini.

Kwa hiyo natembea na robo tangi, nafika kambini ndipo najaza. Isipokuwa nikienda Skotlandi kaskazini kulala porini, hapo naacha baiskeli nyumbani nabeba maji.

Na jambo la pampu: bomba la umeme linakula maji kuliko watu. Mtoto anafungua kunawa mikono, anaimba, lita mbili zimekwenda. Nimeweka dumu dogo lenye bomba la kubonyeza juu ya sinki, pampu naizima.

---

Ami_wa_Bidiya

Assalaam alaykum. Niko Oman, sisi wa Sharqiya jangwa la Wahiba liko mlangoni. Miezi ya baridi, Novemba hadi Machi, kila wikiendi watu wamejaa mchangani na mahema na magari.

Ndugu zangu mmesahau udhu. Watu wanne, sala tano, kila mmoja akiacha bomba wazi kama yuko msikitini, tangi litakwisha kabla ya Isha. Na Mtume (s.a.w.) imepokewa kwamba alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi. Kibaba hakifiki lita moja, pishi ni lita tatu hivi au pungufu. Sisi tuna kikombe maalumu cha udhu, kila mtu anapewa kimoja, na kinatosha. Maji yakiwa ya kunywa tu, tayamamu ipo, mchanga ndio usioisha huku.

Mchangani usijaze sana pia. Gari zito linazama. Tunabeba lita 80 kwa watu wanne kwa usiku mbili, chini sakafuni, kamwe si juu ya paa. Ukipanda tuta la mchanga na kilo 80 kichwani mwa gari, litakulaza ubavu.

---

Mama_Wawili

Mimi ndiye ninayesafiri na watoto kwenye njia ya Mgeni. Wadogo wanaogaje?

---

Bi_Nyali

Beseni, kopo, lita 4 kwa mtoto, na maji hayo hayo ukamalizie miguu yako. Mikono kabla ya kula ndiyo usibane.

---

Fundi_Bomba_Usa

Mmeongelea wingi, ubora mmepita juu juu. Mimi ni fundi wa maji huku Usa River. Maji mengi ya kandokando ya Meru yana floraidi nyingi kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Wenyeji wa baadhi ya vijiji utawajua kwa meno ya kahawia. Mgeni wa wiki moja hatadhurika, lakini mwenye watoto wadogo anayesafiri mara kwa mara ajue kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Watu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto wanaichuja kwa mkaa wa mifupa. Wewe msafiri, nunua ya kunywa ya dukani Arusha mjini, haya mengine yaoshe vyombo.

Vijidudu ndivyo vinavyokufa kwa kuchemsha au kwa dawa ya klorini kama WaterGuard. Yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa safi, weka dawa, subiri nusu saa. Watu wanaweka dawa wanakunywa hapo hapo.

---

Mama_Wawili

Asante. Mwenye gari anasema madumu ya bure anayo, ya njano, ya mafuta ya kula. Mengine alikuwa anawekea dizeli ila ameyaosha kwa sabuni.

---

Utingo_Mstaafu

Ya mafuta ya kula chukua. Ya dizeli mrudishie hata kama ameyaosha kwa maji ya zamzam. Na uyafunge kwa kamba ya mpira kwenye sakafu, mwambie asikufungie kwa waya.